Kabla Mtu Hajakaa Kwenye Mkeka wa Nesi Perpetua

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Neno "nimestaafu" ni langu. Nesi Perpetua yeye anasema nimepumzishwa. Sababu ni mwanangu, ana miezi minne na analia. Nesi alisema watu wanakuja kwake kulia, na hawawezi kulia kwa zamu na mtoto. Nimelifikiria hilo wiki tatu sasa na hasira haijaisha, ingawa kwenye habari ya zamu najua ana haki.

Ameniomba niwaandikie ninyi wasichana wawili mnaochukua nafasi yangu. Nimekubali, kwa sababu yeye atawaeleza kazi yote vizuri isipokuwa habari ya kijiji cha Nkowe, na bila habari ya Nkowe mtairudia. Mshahara sitautaja, mtauona wenyewe na mtanyamaza kama mimi. Cheo hakipo. Utaingia mkalimani, utatoka mkalimani.

Niliingia kazini wakati karanga bado zinazungumzwa kama utajiri. Nachingwea ilikuwa imejaa matrekta, reli ilikuwa mpya, na wanaume wa kila kabila walilala kwenye mahema mbali na wake zao. Nesi Perpetua, Mmakua wa upande wa Masasi, alikuwa amefanya kazi hospitali miaka mingi. Kule aliona watu wanaokuja na kichwa kisichosikia kidonge, na moyo unaokimbia wakati mwenyewe amekaa. Akagundua kwamba mtu wa namna hiyo akiachwa aongee mpaka mwisho bila kukatizwa, kichwa kinapungua. Hospitali hapakuwa na nafasi ya kumwacha mtu aongee mpaka mwisho. Akaacha kazi, akapanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani hapa Nachingwea, na kingine Ruangwa, nacho nyuma ya fundi cherehani, ambako tulikwenda kwa lori kila Alhamisi ya pili.

Baba yangu alikuwa karani, mtu wa Naipingo, na alinisomesha mpaka darasa la kumi, jambo ambalo majirani waliliona kama ugonjwa. Siku ya kuomba kazi Nesi aliniuliza mambo mawili tu.

"Unajua Kimwera?"

"Nimezaliwa nacho."

"Unajua kunyamaza?"

"Najifunza."

"Hutaweza," akasema. "Kesho njoo saa mbili."

Mtu wangu wa kwanza alikuwa askari aliyerudi kutoka vita vya Burma. Aliingia, akatazama chumba, akauliza sindano iko wapi. Nikamwambia hakuna sindano. Akauliza vidonge. Hakuna. Akakaa hata hivyo, ila aligeuza mwili mzima ili auone mlango. Nesi akatulia. Mimi nikatulia kwa sababu yeye ametulia. Saa ya mezani ikawa ndiyo inayozungumza.

Mwishowe askari yule akaniuliza kwa Kimwera, "Mbona hamniulizi kitu?"

Nikatafsiri. Nesi akasema, "Mwambie tunangoja."

"Mnangoja nani?"

"Tunakungoja wewe."

"Mimi si nimeshafika."

Nilicheka, na Nesi akanifinya paja kwa nguvu za mtu aliyewahi kushika wagonjwa wanaokataa sindano. Lakini askari naye alicheka, na alirudi, na akaendelea kurudi msimu mzima. Habari za vita hakuzisema. Alituambia habari za punda mmoja aliyemwacha kwenye matope kule Burma, akiwa bado hai, masikio yamesimama. Alimsema punda yule kila mara alipokuja, na siku moja akasema sasa analala. Basi jambo la kwanza la kumwambia mtu anayekuja kuanza ni hilo: hapa hapana dawa ya kumeza, na huenda akaongea juu ya punda muda mrefu kabla hajafika anakokwenda. Akitaka kupona kwa siku moja aende hospitali akatolewe jino.

Vyombo vya kazi ni vichache. Mkeka, kwa sababu mtu aliyekaa kwenye kiti anajiona yuko kortini. Mtungi wa maji na kikombe. Pazia zito la kaniki mlangoni, maana cherehani inafunika sauti lakini ikisimama tu kila mtu dukani anasikia. Fundi alizoea kukanyaga cherehani tupu, bila kitambaa, akisikia mtu ameanza kulia. Hakuagizwa na mtu. Daftari tunalo, lakini halina majina. Tunaandika kijiji na jambo moja la kutukumbusha, kama "mama wa Kiegei, mguu". Saa humtazama Nesi, haimtazami mgeni.

Mkalimani anakaa pembeni, nyuma kidogo, na anasema "mimi". Hili litawasumbua. Mtu akisema "namchukia mama yangu," wewe husemi "anasema anamchukia mama yake." Unasema "namchukia mama yangu," kwa sauti ya kawaida, kisha unameza mate. Nimewahi kusema asubuhi moja kwamba nimemwibia ndugu yangu, nimemtamani shemeji yangu, na nimechoka kuishi, halafu nikaenda sokoni kununua mhogo. Hakuna aliyenionya. Mimi nawaonya: mkirudi nyumbani osheni uso na miguu, kaeni kimya kidogo, ndipo msalimie watu.

Mimi nilikuwa nikiingia na maneno yale mpaka jikoni. Mume wangu aliniuliza mara moja, "Leo umekuwa nani?" Hakuwa anatania.

Sasa Nkowe.

Hadija alikuja chumba chetu cha Ruangwa wakati wa ufuta. Alikuwa wa umri wangu, mwembamba, ametembea kwa miguu kutoka Nkowe tangu alfajiri. Alikuwa na binti wa miaka sita, na mtoto wa kiume aliyekufa miezi miwili kabla, akiwa bado ananyonya. Tangu siku ile alikuwa hawezi kula chakula alichopika mwenyewe. Akipika wengine walikula, yeye akitia tonge mdomoni koo lilifunga.

Nesi alimpa maneno yake ya siku zote, na mimi nikayatia kwenye Kimwera: "Unachosema hapa kinafia hapa. Hakitoki kwenye chumba hiki, hata iweje."

Yashikeni vizuri maneno hayo. Nitayarudia kwa ubaya.

Siku ya kwanza Hadija hakusema lolote la maana. Ya pili alisema. Mume wake, Saidi, alikuwa anapaka grisi matrekta kwenye mashamba ya karanga, na alikuwa amekuja nyumbani likizo ya siku nne. Mtoto alikuwa bado yuko kwenye ziwa. Mnajua kwetu inavyosemwa: mume na mke wakilala pamoja kabla mtoto hajaacha ziwa wanambemenda mtoto, anadhoofu, anakufa. Hadija alikataa usiku wa kwanza, na wa pili. Wa tatu hakukataa. Baada ya wiki chache mtoto akashikwa na surua, akafa.

"Nimemuua mwanangu," akasema. Nikasema na mimi, kwa Kiswahili, nikimtazama Nesi: nimemuua mwanangu.

Na hapo palikuwa na jambo la pili. Mjomba wake, Mzee Mfaume, kaka wa mama yake, alikuwa ametaka Hadija na watoto warudi kwake baada ya mavuno, kama ilivyo haki yake kwetu sisi Wamwera. Upande wa Saidi ulikataa, wakagombana. Mtoto alipokufa, ndugu wa Saidi wakasema mjomba ndiye aliyemla. Wakati ule mganga mmoja alikuwa akizunguka vijijini akiwanyoa nywele watu waliotajwa uchawi na kuwanywesha dawa. Anayejipeleka mwenyewe ni neno jingine. Anayepelekwa kwa nguvu, nywele zake huota tena, jina lake halioti.

"Saidi anajua," Hadija akasema. "Anajua ni sisi. Anawasikia dada zake wakimtaja mjomba, anainama anafunga kamba za viatu."

Mimi nilikuwa nimeshachemka. Nesi akamuuliza taratibu, "Na wewe ungependa iweje?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja."

"Basi tutakwenda polepole," Nesi akasema.

Kwenye lori wakati wa kurudi nilimuuliza Nesi kama kweli kulala na mume kunamuua mtoto. Akasema hapana, ni surua, mwezi ule surua ilikuwa imeua watoto wengine palepale Nkowe, alikuwa amesikia hospitali. Nikamuuliza mbona hakumwambia. Akasema, "Somoe mwanangu, ukimtoa mtu mzigo kabla hajautua mwenyewe anautafuta tena. Anaambiwa akiwa tayari." Niliona ni busara. Nilikuwa sijazaa.

Kosa lililofuata ni letu wenyewe, na nadhani lisingetokea mahali pengine. Ukoo wa mama yangu na ukoo wa Saidi ni watani. Nililijua hilo tangu Hadija alipotaja jina la ukoo wa mumewe, na sikumwambia Nesi. Nilikuwa nimesoma, niliona utani ni mambo ya vichekesho, hauingii kazini. Nesi naye hakuuliza, kwa sababu hakuwahi kufikiri kuwa mkalimani ana ukoo.

Baada ya wiki tatu mama yake Saidi akafariki, bibi mzee aliyeshiba siku zake. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa miguu, akanituma Nkowe mimi nikashike nafasi ya utani. Na kazi ya mtani msibani mnaijua. Mtani anaosha, anapika, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, anavaa nguo za marehemu, anawatukana wafiwa mpaka wacheke katikati ya kilio. Analosema mtani halina hasira. Mama yangu kwa kazi hiyo alikuwa hodari hata watu walimngoja.

Mimi nikafika, nikamwona Hadija amekaa na wanawake wa nyumba, na maneno yote yakanikauka. Kila tusi lililonijia lilipita karibu na lile nililolijua. Nikimwita mvivu, nitasema mvivu wa nini. Nikimwambia Saidi ana uchu, Mungu wangu. Nikaona njia ya salama ni kunyamaza. Nikawashika mikono mmoja mmoja, nikasema poleni, nikakaa kwenye kona na watu wazima. Nikamwambia Hadija, "Pole sana dada yangu, Mungu akupe subira."

Dada yake Saidi, Bi Mwanahawa, mwanamke mwenye macho, alikuwa akinitazama huku akichambua mchele.

"Wewe mtani," akasema, "mama yako kakutuma au kakufukuza?"

"Kanituma."

"Mbona hutukani? Maiti ni ya bure hii?"

Wanawake wakacheka. Nikatabasamu tu.

"Haya iba basi hata mwiko. Mtani gani anakuja matangani kama mgeni wa serikali."

"Nimechoka na safari, mtani."

Bi Mwanahawa akaacha kuchambua. Akanitazama mimi, akamtazama Hadija, akanitazama tena. "Wewe si ndiye unayekaa na yule nesi Ruangwa?" akauliza. Nikasema ndimi. "Na huyu si ndiye anakwenda huko kila mara, anatuambia anapeleka jino?"

Sikujibu. Nilinyamaza vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa.

Jioni ile neno lilikuwa limeenea nyumba nzima: Hadija amekwenda kwa nesi akakiri kwamba mjomba wake ndiye aliyemla mtoto, na mtani anajua, ndiyo maana mdomo umemfunga. Ukimya wangu wakautafsiri wenyewe, wala hawakuhitaji mkalimani. Wazee wa upande wa Saidi wakakubaliana: matanga yakiisha, siku ya kuanua, Mzee Mfaume atachukuliwa kupelekwa kunyolewa. Zilibaki siku tatu.

Nilirudi Ruangwa. Nesi alikuwa huko kwa ajili ya Alhamisi. Nikamweleza yote, na habari ya utani pia. Alikasirika na akawa na haki, kisha nikakasirika mimi.

"Twende tuwaambie ni surua," nikasema. "Wewe ni nesi, watakusikia."

"Nikisema surua wataniuliza nimejuaje kuna jambo la kubishania. Nitakuwa nimesema kwamba amekuja hapa na kwamba ameongea. Tulimwahidi."

"Ulimwahidi wewe. Mimi nilitafsiri."

"Ulisema 'hakitoki hata iweje.' Nilikusikia, sauti ilikuwa yako."

"Na akinyolewa yule mzee?"

Nesi alikaa kwenye mkeka, upande wa wageni, ambapo sikuwahi kumwona akikaa. Akasema, "Ile 'hata iweje' haikutakiwa kuwemo. Siri ni ya Hadija. Nenda ukamuulize anataka ifanywe nini. Usimshauri. Uliza tu."

Fundi cherehani wa Ruangwa akaniazima baiskeli. Mwanamke juu ya baiskeli ilikuwa habari tosha. Mpaka nafika Nkowe nilikuwa nimeshaulizwa mara nne kama mume wangu amekufa.

Nilimkuta Hadija anapepeta ufuta nyuma ya nyumba, peke yake. Hakusimama.

"Umekuja kunyamaza tena?" akasema.

"Nilikuwa natunza siri yako, dada Hadija."

"Umeitunza kama mtu anayeficha mbuzi kwapani." Akatikisa ungo. "Ungenitukana tu. Ungeniita mlafi, mwizi, kikojozi, ningecheka, wangecheka, yakaisha. Wewe ukanipa heshima. Mtani akikupa heshima matangani si amekwisha kukuzika?"

Nikasema nimekosa. Kisha nikamwambia kwamba Nesi ameniagiza nimuulize: siri ni yake, anataka tuseme, au tusiseme, au aseme mwenyewe.

"Uliniambia kinafia mle ndani."

"Ndiyo. Hatukutakiwa kukuambia hivyo."

"Sasa mnaniambia baada ya mimi kusema." Alitoa takataka kwenye ufuta kwa kidole, moja moja. "Nikisema, watasema nimemuua mtoto. Nisiposema, mjomba amemuua. Na Saidi?"

"Sijui dada. Saidi ni mumeo."

"Saidi ana midomo miwili na hana hata mmoja." Akauweka ungo chini. "Wewe ni mtani wao bado?"

"Mpaka nife."

"Basi njoo siku ya kuanua ufanye kazi uliyotumwa na mama yako. Mimi usiniseme. Mseme yeye. Langu nitalisema mwenyewe nikiona mdomo unafunguka."

Siku ya kuanua matanga uwanja ulijaa. Mzee Mfaume alikuwa ameletwa, amekaa kwenye kigoda mbali na wengine, kofia magotini, kichwa chake cha mvi wazi kama ameshaanza kujitayarisha. Watu wawili walisimama nyuma yake. Nikaingia nimevaa kanzu ya mume wangu nje ndani, nimejifunga sufuria kiunoni. Nikamwibia Bi Mwanahawa mwiko mbele ya macho yake. Nikawaambia wafiwa kwamba marehemu amekufa makusudi kukimbia mapishi yao. Vicheko vilianza. Bi Mwanahawa akasema, "Leo kaja mwenyewe."

Nikamfikia Saidi.

"Na wewe mpakaji grisi," nikasema. "Umepewa likizo siku nne. Trekta linangoja msimu mzima, wewe umeshindwa kungoja mtoto aache ziwa. Unainama unafunga viatu, kumbe umevaa ndala."

Walicheka. Waliposikia walichokicheka wakaacha. Mtu hawezi kumkasirikia mtani. Basi uwanja mzima ukakosa pa kuweka hasira. Saidi alitazama miguu yake. Kweli alikuwa na ndala.

Bi Mwanahawa akasema polepole, "Saidi. Mtani anatania?"

Saidi akaweza tu kusema, "Usiku wa tatu."

Hapo Hadija akasimama, akasema mbele ya wote, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia mkekani, "Tulikuwa wawili. Mjomba hakuwemo." Akaenda akachukua kofia magotini kwa mjomba wake, akamvalisha. Watu wale wawili wakasogea. Mzee Mfaume alisimama, akamwambia, "Twende nyumbani," akamshika mkono mjukuu wake, yule binti wa Hadija, wakaondoka watatu, na hakuna aliyewazuia.

Kama ningekuwa naandika hadithi ya kufurahisha ningeacha hapo. Lakini ninawaandikia watu wanaokwenda kufanya kazi. Jina la mjomba lilipona. Hadija alilipa. Kisimani wanawake waliondoka alipofika. Walimwita mbemendaji. Koo halikufunguka; siku zile alizidi kukonda. Hili pia mtu aambiwe kabla hajaanza: kusema ukweli na kupata nafuu haviji kwenye lori moja.

Alikuja Ruangwa mara moja tena. Alikaa, akanywa maji, na Nesi akaona kwamba sasa ndipo wakati wenyewe. Akamweleza kwa utaratibu mzuri, mimi nikitafsiri: surua, homa, mapafu, watoto wengine wa Nkowe waliokufa mwezi ule ambao wazazi wao hawakuwa wamelala pamoja, wengine baba zao walikuwa mbali kabisa. Akamwambia kwamba kwa miaka yote ya hospitali hajaona mtoto aliyekufa kwa sababu mama yake alilala na baba yake.

Hadija alisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakunitazama mimi, akamwambia Nesi moja kwa moja kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Umejua lini?"

Nesi angeweza kusema uongo. Hakusema. "Siku uliyonieleza."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona hutanisikia."

"Hiyo ya kusikia au kutosikia," Hadija akasema, "ilikuwa kazi yangu."

Akafunga kitenge chake, akatoka. Fundi alikuwa amesimamisha cherehani.

Nimekuwa nikimkasirikia Nesi Perpetua tangu siku ile, na zaidi tangu nilipojifungua. Mama mkwe wangu anahesabu siku zangu kwa vidole, ananiuliza mbele ya wageni mume wangu analala chumba gani. Nikimwangalia mwanangu namwona yule wa Hadija, na nafikiri: mwanamke alibeba kifo cha mtoto wake wiki kadhaa zaidi kwa sababu mtu mwenye jibu alikuwa anangoja aive. Nimemwambia Nesi hivyo usoni. Akasema, "Na wewe ulilijua tangu lori lile lile." Ni kweli. Nilijua. Nilitafsiri kila kitu isipokuwa hilo.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayowaachia. Mgeni akifika, kabla hajakaa, mwambieni nani yuko chumbani na ni wa ukoo gani, ili kama ni mtani wake, au shemeji, au wa kijiji chake, achague kubaki au kuondoka. Mwambieni siri yake tutaitunza, lakini kama mtu mwingine atadhurika kwa siri hiyo tutamrudia yeye kwanza, na tumwambie hivyo siku ya kwanza, si ya tano. Mwambieni Nesi hatamwamulia. Asije na mama mkwe. Ale kwanza, kwa kuwa wengi wanakuja na njaa wakidhani wanakuja kortini. Mwambieni huenda wiki ya kwanza akalala vibaya zaidi. Na akisikia yote hayo akasimama akaenda zake, mpeni maji anywe na mmwache aende, hamjapoteza kitu.

Hadija hakurudi. Anaishi kwa mjomba wake, na nasikia anakula. Saidi alimfuata huko baada ya mavuno, na nasikia analala uwanjani.

Lakini mwezi uliopita, Alhamisi yangu ya mwisho Ruangwa, mwanangu yuko mgongoni, alikuja mwanamke mgeni kutoka Nkowe. Nikaanza maneno ya mlangoni. Akanisimamisha kwa mkono.

"Ngoja," akasema. "Hadija ameniambia nisikae kwanza. Amesema nikishawaambia shida yangu kwa ufupi niwaulize: mnajua nini kuhusu jambo hili ambacho mnataka kunificha mpaka niwe tayari?"

Akaitaja shida yake kwa maneno machache, na mimi nikamtafsiria Nesi yote, neno kwa neno. Mgeni alikuwa amesimama bado, viatu mkononi, akingoja. Na Nesi Perpetua, ambaye kwa miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kuzungumza kabla ya mgeni, akashusha pumzi, akaanza kusema.